Askofu ameshaalikwa, paa bado: mhazini atie sahihi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kitunda, Dar es Salaam. Ni mhazini wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu. Kazi hii nilipewa kwa sababu niliwahi kuwa karani wa SACCOS, watu wakaamini hesabu haziniumizi kichwa. Siku hizi zinaniumiza hadi usingizi.

Kanisa letu lilianzia chini ya mwembe mwaka 1998, watu hamsini na kitu. Mwaka 2003 tukajenga hili tulilonalo. Marehemu mama yangu alikuwa anaamka saa tisa usiku kukaanga maandazi, na faida yote ya Jumamosi ilikuwa ya mabati. Mpaka leo benchi la tatu kutoka mbele, upande wa wanawake, lina alama nyeusi ya duara. Siku ya kuezeka mama alitua hapo sufuria ya chai ya mafundi, ikaunguza mbao. Mzee aliyelichonga benchi alitaka kulipiga randa, mama akakataa, akasema acha, hiyo ni sahihi yangu. Nikiwa na jambo zito hukaa hapo. Mama alifariki 2016, na ibada ya kumuaga ilifanyika humo humo, watu wamejaa mpaka barabarani.

Sasa tuko waumini 640. Tuna ibada mbili, saa moja na saa nne, na bado watu husimama madirishani. Shule ya Jumapili iko chini ya turubai, mvua ikinyesha watoto wanakimbilia ndani na kubanana na kwaya. Majirani wamechoka na spika zetu za nje, nami siwalaumu.

Mwaka 2021 tulinunua ekari moja Msongola. Hati ya mauziano tuliandikiana ofisi ya serikali ya mtaa, kwa majina ya mchungaji na wazee wawili. Mmoja wa hao wazee alifariki mwaka jana. Boma limesimama hadi renta, mita 18 kwa 36. Ahadi za waumini ni milioni 214. Kwa miaka mitatu zimeingia milioni 131, tumetumia 118, benki kuna 13. Mhandisi alipiga hesabu ya paa la chuma akasema milioni 96. Fundi wetu anasema yeye atapaua kwa mbao kwa milioni 41 na litasimama tu.

Mchungaji ameshamwalika askofu kuja kuweka wakfu wiki ya Krismasi. Sasa ni Agosti. Mpango wake ni huu: zichukuliwe hizo 13, tuazime 9 kutoka mfuko wa wajane na yatima, na 19 ziwe arbuni ya mtu anayetaka kununua kanisa la zamani ajenge godauni. Nilipouliza kama mkutano wa washarika umekubali, aliniambia kwa upole kabisa, "Mama, imani haina kalkuleta." Anataka Jumapili ijayo nisimame nitangaze kuwa fedha za paa zimepatikana. Hundi inahitaji sahihi tatu, na ya tatu ni yangu.

Wazee wengi hawataki kuhama kabisa. Mmoja amesema funguo za kanisa atazikwa nazo. Vijana wanawaita wapinga maendeleo. Mume wangu, ambaye yuko kwaya kuu, ananiambia usipambane na mtumishi wa Mungu. Nisipotia sahihi nitaonekana nimeizuia kazi ya Bwana. Nikitia sitalala. Nifanye nini, Shangazi?

Mhazini asiyelala, Kitunda

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera kwa maandishi yanayosomeka. Wahazini wengi wanaoniandikia huanza na machozi, namba nazitafuta kama sindano. Wewe umenipa zote.

Nianze na hizo namba, maana kuna kitu ndani yake ambacho nadhani umekiona lakini hukuthubutu kukisema. Kumi na tatu, jumlisha tisa, jumlisha kumi na tisa, ni arobaini na moja kamili. Ndiyo bei ya fundi, haikuzidi hata ya msumari. Katika maisha yangu sijaona ujenzi ambao fedha na bei vinakutana hivyo kwa bahati. Mtu alianza na jibu, akarudi nyuma kutafuta maswali. Hakuna humo milango, nyaya za umeme, sakafu, choo, wala lori la kuhamisha mabenchi. Kwa hiyo hata kama mbao zingefaa, na nitakuja kwenye mbao, sentensi unayotakiwa kuisema Jumapili si kweli. Zilizopatikana ni milioni 13. Nyingine 9 ni za wajane, na 19 ni za mtu wa godauni ambaye bado hamjakubaliana naye.

Usitie sahihi, na usitangaze. Nimelisema mapema usije ukasoma barua nzima ukilitafuta.

Mfuko wa wajane sina maneno mengi juu yake. Mjane aliyekuja kuomba ada ya mtoto Januari, mtamwambia fedha yako iko juu darini? Fedha iliyotolewa kwa jina moja haibadilishwi jina na watu watatu ofisini. Kamati ikitaka kuazima, iwaulize waliotoa, mbele ya watu, na iandike italipa lini. Mkishindwa kuuliza hadharani, hapo mmeshajijibu.

Sasa paa. Mita 18 si nyumba ya vyumba vitatu. Fundi wako huenda ni fundi mzuri sana, amepaua nyumba mia na zote zimesimama, lakini katika nyumba kenchi, yaani zile fremu zinazobeba bati, hupumzika juu ya kuta za ndani kila baada ya mita tatu nne. Katika kanisa hakuna ukuta wa ndani. Kenchi inaruka kutoka ukuta hadi ukuta, inabeba uzito wake, mbao, bati, siku moja dari na feni, na upepo unaoingia kwa chini kutaka kuling'oa paa lote kama mfuniko. Kenchi ya mbao ya urefu huo inaweza kuchorwa, ila na mhandisi, kwa vipimo, viungo na aina ya mbao anayoitaja yeye. "Itasimama tu" si kipimo. Mkiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mchoro wake ndio unaojua, na mkibadilisha chuma kuwa mbao bila yeye, sahihi yake haiko tena kwenye jengo lenu. Iliyobaki ni ya kwako kwenye hundi.

Sitaki kukutisha, lakini kuna jambo moja mchungaji wako anapaswa kulisikia, na umwambie mkiwa wawili, si kikaoni. Tarehe 10 Desemba 2016, mjini Uyo, Nigeria, watu walijaa kwenye kanisa ambalo ujenzi wake haukuwa umekwisha. Walikuwa wamekuja kumsimika askofu. Taarifa za siku zile zilisema mafundi walikuwa wakikimbizana na tarehe ya sherehe. Paa likawaangukia ibadani, watu wengi wakafa. Tarehe ilikuwa imepangwa, wageni wamealikwa, kama kwenu. Askofu wenu akiambiwa "Baba, tunaomba utusogezee, paa halijawa salama," sijui askofu atakayekasirika. Wanaahirishiwa mambo kila mwezi, wamezoea.

Huyo mchungaji simwoni kuwa mwizi, na barua yako haisemi hivyo. Namwona mtu ambaye kila Jumapili anaangalia watoto chini ya turubai na watu madirishani, na amechoka kuomba. Usharika ukikua haraka, mchungaji ndiye wa kwanza kuona aibu ya kukosa nafasi. Ukienda kwake kama polisi utampoteza. Nenda na daftari, na ukipenda nenda na Biblia vilevile, kwa sababu ya hiyo kauli yake ya kalkuleta. Luka 14 ina mtu anayetaka kujenga mnara, akaambiwa aketi kwanza ahesabu gharama. Na 2 Wafalme 12 ni ya wahazini kabisa: hekalu limechakaa, fedha zinaingia na ukarabati hauendi, mpaka kuhani Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku na kuliweka kando ya madhabahu. Likijaa, walikuja wawili kuzihesabu, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Sipendi kumpiga mchungaji kwa mistari, ni kama kumpiga fundi kwa nyundo yake. Ila amekuita mtu asiye na imani kwa kuhesabu, na hilo si haki.

Katika daftari mwonyeshe hivi. Ahadi ambazo hazijalipwa ni 214 kutoa 131, yaani milioni 83. Pengo la paa la chuma ni 96 kutoa 13, yaani milioni 83. Nimezipiga mara mbili nikidhani nimekosea. Paa lenu lipo, limekaa midomoni mwa waumini wenu. Kwa mwendo wa miaka mitatu iliyopita mnakusanya wastani wa milioni 3.6 kwa mwezi, kwa hiyo mkienda hivyo hivyo ni miezi 23. Hiyo ndiyo taarifa ya kusoma Jumapili, na hakuna mtu atakayezimia akiisikia. Watu wakiona namba ya kweli, tena kubwa, hufanya kitu ambacho "Mungu atafanya njia" huwa haiwafanyishi: wanauliza bei ya kenchi moja. Mwombe mhandisi awape idadi ya kenchi na gharama ya kila moja, kisha kila jumuiya ichukue yake. Nimeona jumuiya ya wauza mboga ikimaliza kenchi kabla ya jumuiya ya waajiriwa, wakatamba nayo mwaka mzima. Mnada wa baada ya ibada nao una nguvu, yule jogoo anayeuzwa mara nne akirudishwa, lakini msiutegemee kwa chuma.

Futa kwa kalamu nyekundu ahadi za waliofariki na waliohama mji. Usiwadai watoto wa marehemu. Baada ya hapo ndipo utajua 83 yako ni 83 au 60.

Muulizeni pia mhandisi kama anaweza kuwapunguzia bila kuwapunguzia usalama. Safu mbili za nguzo ndani ya ukumbi hukata ile mita 18 vipande vitatu, kenchi zikawa fupi na nyepesi. Nguzo nazo zina gharama, zinataka msingi wake, na boma limeshasimama, kwa hiyo huenda atasema imechelewa. Lakini aulizwe. Watu watalalamika kwamba nguzo zinawaziba wasimwone mhubiri. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, ambalo ujenzi wake ulianza 1873, lina nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu Askofu Steere, aliyekuwa akilijenga, akiwa safarini, na hadi leo watu wanasali na kuzicheka. Ndiyo, hata askofu akiondoka saiti, mafundi hufanya yao.

Kuuza kanisa la zamani sasa hivi, hapana. Mkishapokea arbuni, mtu wa godauni ndiye atakayewapangia tarehe ya kuhama, na atataka kuingia kabla paa lenu halijafika. Tena nani anauza? Mali ya kanisa si ya mchungaji wala ya kamati. Waulizeni viongozi wenu wa juu hati ya kiwanja cha zamani iko kwa jina la nani. Inapaswa kuwa kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali unaosajili wadhamini), na bodi hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kuuza, baada ya washarika kukaa na kuamua na muhtasari kuandikwa.

Hapo hapo naona tatizo ambalo umelipitia kwa sentensi moja, nami lingeninyima usingizi kuliko paa. Msongola iko kwa majina ya watu watatu, mmoja marehemu. Leo watoto wa huyo mzee ni waumini wazuri. Kesho kuna mkwe. Nendeni kwa familia mapema, kwa heshima, kabla mirathi haijafungwa, waandike kwamba kiwanja ni cha kanisa, kisha kihamishiwe bodi ya wadhamini. Ulizeni Halmashauri ya Jiji kama eneo limepimwa, matumizi yake ni nini kwenye ramani ya mipangomiji, na kibali cha ujenzi kiko wapi, maana hukukitaja. Kama kimepangwa kuwa cha makazi, kuna taratibu ya kuomba kubadilisha matumizi. Angalieni na hifadhi ya barabara. Waliokuwa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha barabara, wanajua alama ya X nyekundu ukutani inavyofika bila kubisha hodi.

Sasa wazee, na hapa nitakugusa na wewe kidogo.

Umeandika vizuri sana habari za sufuria ya chai. Nimeisoma mara tatu. Halafu ukaniuliza habari za hundi. Nina wasiwasi, mwanangu, kwamba ndani yako kuna mhazini na kuna binti wa mama maandazi, na hao wawili wanatumia mdomo mmoja. Mhazini anasema fedha hazitoshi, na ana haki. Binti anasema nisiondolewe kwenye benchi la mama, naye ana haki. Lakini binti akijificha nyuma ya hesabu za mhazini, siku fedha zikitosha utatafuta sababu nyingine, na watu watakujua. Mwambie mchungaji yote mawili, kila moja kwa jina lake. Utashangaa atakavyokusikiliza kwenye la kwanza ukishakiri la pili.

Na hicho ndicho kinachowakuta wale wazee. Mzee wa funguo hapingi maendeleo. Alibeba zile tofali. Aliozesha humo, akazika humo, na sasa kijana aliyebatizwa humo anamwambia ni godauni. Kitabu cha Ezra, sura ya 3, kinasimulia siku msingi wa hekalu jipya ulipowekwa: wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, wengine wakapiga kelele za furaha, na aliyesikia kwa mbali hakuweza kutofautisha kelele na kilio. Hakuna aliyewanyamazisha wale wazee. Wapeni jioni moja ndani ya kanisa la zamani, bila ajenda wala michango, wasimulie nani alichimba wapi. Mtu mmoja aandike. Mzee wa funguo aombwe yeye ndiye afunge mlango siku ya mwisho na kufungua ule mpya. Nimewahi kuona mzee wa namna hiyo akigeuka kuwa msimamizi mkali wa saiti, fundi hapati hata nafasi ya kuiba mfuko wa saruji.

Kingine wanachokijua wazee na kamati haikijui ni safari. Kitunda na Msongola si pua na mdomo. Bibi wa miaka sabini na tano atapanda daladala, ashuke, apande bodaboda kwenye vumbi, na masika kwenye tope. Kila jumuiya ihesabu watu wake wangapi hawatafika. Halafu Jumapili moja kavu fanyeni ibada ya asubuhi kwenye uwanja wa Msongola, mbali na boma (ukuta usio na paa usiukalie kivuli), muone nani amekuja na nani amekosekana. Mkikuta bibi sitini wamebaki Kitunda, basi kanisa la zamani si la kuuza, ni la kuendelea kuwa na ibada ndogo na shule ya Jumapili, na watoto wametoka kwenye turubai leo, si Krismasi.

Mambo madogo ambayo hakuna kamati huyakumbuka. Kanisani kwetu sisi tulihamia jengo jipya bila vyoo. Mwenyekiti alisema vitafuata, na kwa miezi saba mama wajawazito walikuwa wanabisha hodi kwa jirani Mwislamu, Mungu ambariki yule mama, katikati ya mahubiri. Bati bila dari, mvua ya masika ikianza kupiga, mchungaji anabaki kuchezesha midomo. Milango iwe zaidi ya mmoja, mipana, ifunguke kwa nje. Mnakumbuka Moshi, Februari 2020, watu 20 walivyokufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa ibada wakikimbilia mafuta ya upako. Ule ulikuwa uwanja wa wazi. Ninyi mtakuwa mia sita ndani ya kuta.

Mume wako mwambie hupambani na mtumishi. Unamzuia asisimame mbele ya askofu akiwa na jambo la kuficha. Kama baada ya mazungumzo mchungaji bado anataka sahihi, omba ombi hilo liletwe kikaoni kwa maandishi, na kukataa kwako kuandikwe kwenye muhtasari, kwa sentensi moja, bila hotuba. Wakimtafuta mhazini mwingine, kabidhi vitabu mbele ya mashahidi, ubaki na nakala, na uende kukaa kwenye benchi lako kama muumini mwingine yeyote.

Niandikie baada ya kikao. Na siku mtakayohama kweli, hilo benchi lisiwekwe kwenye lori la kwanza na mabati ya jikoni. Libebwe na watu wanne. Fundi rangi akisema anataka kuyapiga vanishi mabenchi yote yafanane, mwonyeshe lile duara, umwambie hapo apite kando.

Shangazi